Ugumu Usiotafsirika: Uhakiki wa Tafsiri za Kiswahili za Majaribio ya Nyurosaikolojia katika Tasnifu za Shahada ya Kwanza

1.0 Utangulizi

Katika mwaka wa pili wa masomo yangu ya uzamivu, mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya heshima katika saikolojia alinijia akiwa na karatasi nane zilizobanwa kwa pini. Zilikuwa na majaribio ya nyurosaikolojia ambayo yeye na mwenzake walikuwa wameyatafsiri kutoka Kiingereza kwa ajili ya tasnifu zao za mwaka wa mwisho. Kamati ya maadili ya utafiti ilikuwa imemtaka alete uthibitisho wa mtaalamu wa Kiswahili kwamba tafsiri hiyo ni sahihi. Niliisoma, nikasahihisha upatanisho wa kisarufi mahali patatu, nikaondoa "ongea" na kuweka "sema", kisha nikatia sahihi. Desturi ya uandishi wa kitaaluma ingenitaka nijiite "mtafiti" katika aya hii, lakini aliyetia sahihi ni mimi.

Miezi kadhaa baadaye mwanafunzi huyo alirudi kunishukuru, akanisimulia kwa kicheko kisa cha mmoja wa wasailiwa wake, mzee fundi cherehani aliyezaliwa na kukulia Unguja. Mzee alipotakiwa kulitaja neno "dunia" kinyumenyume, alijibu papo hapo: "a-ni-du". Mwanafunzi aliufuata mwongozo, akampa alama 1 kati ya 5. Jumla ya mzee ikawa 23 kati ya 30. Katika matumizi ya kawaida ya jaribio hilo, alama zilizo chini ya 24 huchukuliwa kuwa ishara ya upungufu wa utambuzi unaostahili kuchunguzwa zaidi. Msimamizi wa tasnifu akamwandikia mzee barua ya kwenda kliniki. Nilimuuliza mwanafunzi kama mzee alikwenda. Hakujua.

Makala haya yanahakiki tafsiri ile, na kwa kupitia tafsiri ile yanahakiki namna sisi wa taaluma ya tafsiri tunavyoyashughulikia matini ya aina hii. Hoja yake ni kwamba katika kipengele cha jaribio la nyurosaikolojia, kinachopaswa kuhamishwa kutoka lugha chanzi kwenda lugha lengwa ni ugumu wa kipengele, na maana yake huja nyuma ya ugumu huo. Tafsiri niliyoithibitisha ilihamisha maana karibu yote na ikauacha ugumu nyuma, au ikazalisha ugumu mwingine ambao watunzi wa majaribio hawakuukusudia.

2.0 Jaribio kama matini

Jaribio Fupi la Hali ya Akili, lililochapishwa na Folstein, Folstein na McHugh mwaka 1975, ni matini ya ajabu kidogo kwa macho ya mfasiri. Linamuuliza mgonjwa tarehe, mahali alipo, majina ya vitu viwili, na kumtaka akumbuke maneno matatu. Hakuna habari yoyote ambayo mtahini anaitafuta humo. Majibu yote anayo. Mtahini hamtaki mgonjwa alitaje neno la Kiingereza "world" kinyumenyume kwa sababu ana haja na ulimwengu. Anataka kuona iwapo mgonjwa anaweza kukishika kitu akilini, akakigeuza, asikidondoshe. Neno ni mzigo tu wa kupimia nguvu za mchukuzi.

Katika nadharia ya Skopos, iliyofafanuliwa na Reiss na Vermeer mwaka 1984, dhima ya matini lengwa ndiyo inayotawala maamuzi ya mfasiri. Wanafunzi wetu huitumia nadharia hii kuhakiki tafsiri za riwaya, matangazo na mabango ya kitalii, na mara nyingi hufanya hivyo vizuri. Kwa matini ya jaribio nadharia inadai jambo kali zaidi kuliko tulivyozoea kulisema. Ikiwa dhima ya kipengele ni kumpa mgonjwa kazi ya uzito fulani, basi kisawe sahihi kinaweza kuwa neno jingine kabisa, au kazi nyingine kabisa, na tafsiri iliyo sahihi neno kwa neno inaweza kuwa kosa.

Njia inayotegemewa zaidi katika saikolojia kuhakikisha ubora wa tafsiri ni tafsiri rejeshi, ambayo Brislin aliipigia debe tangu mwaka 1970: mtu mmoja hutafsiri kwenda lugha lengwa, mwingine hurudisha kwenye lugha chanzi bila kuiona matini ya awali, kisha matini mbili hulinganishwa. Njia hii hukamata makosa ya maana, nami siidharau. Lakini haiwezi kuukamata ugumu uliopotea, kwa kuwa ugumu haurudishwi na mfasiri wa pili. Yeye naye anatafsiri maana. "World" likawa "dunia", "dunia" likawa "world", na kamati ikaridhika.

3.0 "A-ni-du"

Kipengele hiki kinastahili nafasi kubwa kuliko vingine, kwani ndicho kilichomgharimu mzee alama nne.

Kutaja herufi za neno kwa sauti, moja baada ya nyingine, ni mazoea yaliyozaliwa na maandishi ya Kiingereza. Maandishi hayo hayafuati matamshi kwa uaminifu, kwa hiyo mtoto wa shule hulazimika kukariri herufi za maneno, hushindanishwa na wenzake katika kuzitaja, na akiwa mtu mzima huzitaja kila anapotoa jina lake kwa simu. Maandishi ya Kiswahili hayana dhiki hiyo. Neno likisikika, limekwisha kuandikika. Mtu anayesomewa jina asilolifahamu huomba lirudiwe polepole, na anayelirudia hulikata katika silabi. Vizazi vingi vya wasomaji wa Kiswahili vilianzia kwenye "ba, be, bi, bo, bu", na hata walioingia madarasa ya elimu ya watu wazima baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu hiyo, wengi waliijua silabi kama kipande cha kwanza cha neno kinachoweza kushikwa. Kwa wazee hao, majina ya herufi ni kitu cha kukumbuka kwa juhudi, na kuyapanga kinyumenyume ni juhudi juu ya juhudi.

Aidha, mzee yule alikuwa na zana ambayo mtunzi wa jaribio hakuwa na njia ya kuijua. Unguja kuna mchezo wa lugha uitwao kinyume, ambao silabi ya mwisho ya neno hukatwa na kupachikwa mwanzoni ili wasiohusika wasielewe. Edward Steere, katika kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili cha Zanzibar cha mwaka 1870, alikwisha kuweka mifano yake. Mtu aliyeucheza mchezo huo utotoni amezoea kugeuza maneno akilini mwake kwa kasi. Kwa kanuni ya kinyume, "dunia" hutoa "aduni". Mzee hakutoa hilo. Alikwenda mbali zaidi: alizipanga silabi zote tatu kuanzia mwisho hadi mwanzo. Kazi ya kushika na kugeuza, ambayo kipengele kinakusudia kuipima, aliifanya barabara.

Sasa tulitazame jibu lake kwa jicho la mwongozo wa kusahihisha. Jibu linalotarajiwa ni A-I-N-U-D. Jibu la mzee, likiandikwa kwa herufi, ni A-N-I-D-U. Ukihesabu kila herufi iliyo mahali pake, ni A ya kwanza peke yake iliyo sawa. Alama 1. Laiti jibu lake lingekubaliwa kama lilivyo, jumla yake ingekuwa 27, na barua isingeandikwa.

Nimejaribu kutafuta kibadala, na hapa napaswa kukiri kwamba si kazi nyepesi. Pendekezo linalokuja haraka ni siku za juma kinyumenyume. Lakini majina ya siku zetu tano, kuanzia Jumamosi hadi Jumatano, ni hesabu ya wazi, kwa hiyo akishapita Ijumaa na Alhamisi, msailiwa anashuka tu kutoka tano hadi mosi. Kipengele kinakuwa chepesi mno, na mgonjwa aliyepungukiwa kweli anaweza kupita. Miezi ya mwaka ni afadhali kwa waliosoma shule. Kwa mzee aliyezoea kuhesabu kwa mfunguo, Septemba iko baada ya Agosti kwa sababu kalenda ya ukutani inasema hivyo. Kwa maoni yangu, kinachofaa zaidi ni neno la silabi nne au tano lisilo na maana iliyojificha likigeuzwa, huku msailiwa akiambiwa waziwazi alikate kwa silabi na akionyeshwa mfano mmoja kwanza. Hata hivyo alama za kipengele hicho kipya haziwezi kulinganishwa na zile za Marekani, jambo ambalo nitalirudia.

4.0 Tarakimu, herufi na saa

Jaribio la kukariri tarakimu linaonekana kuwa jepesi kuliko yote kutafsiri, na ndiyo maana sikulitazama mara mbili. Tarakimu ni tarakimu. Lakini tarakimu za Kiingereza kuanzia moja hadi tisa zina jumla ya silabi 10, kwa kuwa ni ya saba peke yake yenye silabi mbili. Za Kiswahili zina silabi 18. Kila moja ina mbili, hata "nne", ambayo nazali yake ya kwanza ni silabi. Baddeley na wenzake walionyesha mwaka 1975 kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hubeba takriban kiasi cha maneno kinachoweza kutamkwa kwa sekunde mbili, si idadi fulani ya vitu. Ellis na Hennelly, mwaka 1980, waliwachunguza watu waliojua Kiwelisi na Kiingereza, wakaeleza kwa njia hiyo kwa nini urefu wa tarakimu uliokaririwa kwa Kiwelisi ulikuwa mfupi. Kwa Kiswahili hatuna budi kuongeza jambo la pili: tarakimu zetu zinafanana kwa sauti. "Tatu" na "tano" zinaanza sawa, "nne" na "nane" zinaisha sawa, na "sita" na "tisa" zimebadilishana konsonanti tu. Conrad alikwisha kuonyesha mwaka 1964 kwamba vitu vinavyofanana kwa sauti huchanganywa katika kumbukumbu hata vinapotolewa kwa maandishi. Mwanafunzi wangu aliandika katika sura ya mjadala kwamba wasailiwa wake walikuwa na kumbukumbu "duni" wakilinganishwa na viwango vya Marekani, na akaitaja elimu ndogo kuwa sababu. Inawezekana elimu ilichangia. Lakini kabla ya elimu kuna silabi nane za ziada ambazo hakuzihesabu, wala mimi sikumhesabia.

Katika jaribio la ufasaha wa herufi, msailiwa hupewa dakika moja kutaja maneno mengi kadiri awezavyo yanayoanza na herufi fulani. F, A na S ndizo zinazotumika sana. Huambiwa asitaje majina ya watu au mahali, na asilirudie neno lilelile kwa kubadilisha mwisho wake. Katazo hili la mwisho lina mantiki katika lugha inayonyambulisha na kuambatisha zaidi nyuma ya mzizi. Katika Kiswahili halizuii lolote. A ni kiambishi cha nafsi ya tatu, kwa hiyo "anakula, analala, anaimba, anacheka" ni maneno manne halali yasiyomtaka msailiwa atafute chochote katika hazina yake ya msamiati. S inafungua "sijui, sitaki, sioni". Kwa upande mwingine F haina kiambishi kinachoizalisha kwa wingi namna hiyo, kwa hiyo msailiwa hubaki na "fundi, fedha, fimbo, fisi" na ukimya. Herufi tatu zilizoteuliwa kwa ajili ya Kiingereza zimekuwa kazi tatu tofauti kabisa, halafu alama zake zinajumlishwa. Tafsiri ya haki ingekataza mabadiliko ya viambishi awali, na kabla ya hapo ingeamua kama ni herufi au ni mzizi unaotafutwa. Uamuzi huo ni wa mwanaisimu, na mwanafunzi wa saikolojia hawezi kulaumiwa kwa kutoufikia.

Kuhusu kuchora saa, nakumbuka nilifurahi nilipoiona tafsiri. Kwa Kiingereza mgonjwa huagizwa aonyeshe saa inayosema dakika kumi baada ya kumi na moja, na vijana wale hawakudanganywa na nambari. Waliandika "saa tano na dakika kumi". Niliona ni uthibitisho wa umakini wao. Sikuuliza kwa nini wakati ule ndio uliochaguliwa. Ulichaguliwa kwa sababu ni mtego: mgonjwa ambaye sehemu ya mbele ya ubongo wake imedhoofika huvutwa na neno "kumi" akapeleka mshale wa dakika kwenye 10, iliyo jirani na 11, badala ya 2. Katika Kiswahili mtego umehama. Saa zetu huhesabiwa tangu macheo, na kwenye uso wa saa nambari tunayoitaja ndiyo ile iliyo mkabala na ncha ya mshale: mshale uko 11, tunasema tano. Msailiwa anayepeleka mshale mfupi kwenye 5, je, amevutwa na neno kama mgonjwa wa mfano, au amechora saa kwa hesabu anayoizungumza kila siku? Karatasi ya alama haiwezi kutofautisha, nayo tafsiri rejeshi itasema kila kitu ki shwari. Ningependelea wakati ambao saa yake ya Kiswahili na dakika zake zinaunda mtego wa namna ileile kwa makusudi, na msailiwa aulizwe baada ya kuchora: "Hapo ni saa ngapi, mzee wangu?"

Kuhusu picha za kutaja majina, ambamo wazee wa pwani huonyeshwa nyumba ya theluji, mengi yamekwisha kusemwa na sina la kuongeza. Nitagusa tu agizo la "taja wanyama". Mwongozo huhesabu ndege, samaki na wadudu kuwa majibu sahihi, ilhali kwa msemaji wa Kiswahili mnyama ni mnyama na ndege ni ndege. Msailiwa mtiifu kwa lugha yake hatataja kuku wala papa, hata kama anafuga wa kwanza na kumvua wa pili.

5.0 Majaribio yaliyoanzia mahali pengine

Si kwamba jambo hili halijawahi kufanywa vizuri. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wa demensia walitengeneza jaribio fupi kwa ajili ya wazee wenye elimu ndogo, linalojulikana kwa kifupisho IDEA. Badala ya kumpa mzee kalamu anakili umbo, walimpa njiti za kibiriti aliunde. Uamuzi huo mdogo unavutia kwa macho ya uhakiki wa tafsiri: watafiti waliuliza kalamu inafanya kazi gani katika jaribio, wakatafuta kitu kinachoifanya kazi hiyo mikononi mwa mtu ambaye pengine ameshika kalamu mara chache maishani. Kilifi, nchini Kenya, Abubakar na wenzake walichapisha mwaka 2008 kipimo cha ukuaji wa watoto wadogo kilichojengwa kwa ajili ya watoto wa eneo hilohilo. Nina swali moja tu kuhusu kazi ya Hai, nalo si lawama: wazee wengi wa huko lugha yao ya kwanza ni mojawapo ya lahaja za Kichaga. Kiswahili kwao ni lugha ya mkutano, ya duka na ya hospitali. Tunaposema jaribio "la Kiswahili", tunapaswa kusema pia ni Kiswahili cha nani.

Kazi hizo zilichukua miaka na vikundi vya watu. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza ana mihula miwili, msimamizi mwenye wanafunzi wengi, na nauli anayoitoa mfukoni mwake. Msomaji wa saikolojia atapinga kwamba vipengele vikibadilishwa, viwango vya kimataifa havitumiki tena, na mwanafunzi hatakuwa na cha kulinganishia. Pingamizi hili ni zito. Jibu langu ni kwamba viwango hivyo havikuwa vikitumika hata kabla ya mabadiliko; vilikuwa vikinukuliwa tu. Mwanafunzi asiye na uwezo wa kujenga viwango vipya anaweza walau kueleza jinsi wasailiwa wake walivyojibu, bila kumtenga mtu yeyote kwa kizingiti cha 24. Tasnifu inayoorodhesha majibu ya watu ishirini kama yalivyotamkwa ingekuwa na thamani kubwa kwa watakaofuata kuliko ile yenye wastani wa alama zao. Jibu la "a-ni-du" lilinifikia kwa bahati tu, kwa sababu lilimchekesha mwanafunzi. Katika fomu yake palikuwa na nafasi ya tarakimu moja, naye aliijaza.

Lawama kubwa iko upande wetu. Katika idara za Kiswahili tumejadiliana kwa bidii iwapo taaluma hii iitwe nyurosaikolojia, saikolojia ya neva au saikolojia ya ubongo. Nimeshiriki mijadala hiyo na ninaipenda. Lakini istilahi huonekana kwenye jalada la tasnifu; jaribio lenyewe liko nyuma, katika viambatisho, mahali ambapo watahini wachache hufika.

6.0 Viambatisho

Nyuma huko ndiko tafsiri inakoishi. Mwanafunzi wa mwaka unaofuata hafungui vitabu vya miaka ya sabini. Hufungua hazina ya tasnifu, hutafuta iliyo karibu na mada yake, hunakili Kiambatisho Na. 2 pamoja na cheti cha uthibitisho, na huandika kwamba zana zake "zimekwisha kuthibitishwa katika utafiti uliotangulia". Nimeziona tasnifu mbili zilizofanya hivyo kwa karatasi zile nane. Katika zote mbili "sema" niliyoiweka badala ya "ongea" ipo mahali pake, na "dunia" ipo, na herufi F, A na S zipo, na sahihi yangu, iliyopigwa chapa tena na tena hadi imefifia, ipo chini ya ukurasa wa mwisho.

Nimeiandikia idara iliyohusika kuomba kwamba cheti kile kiondolewe, na kwamba maelezo ya vipengele vilivyojadiliwa hapa yaambatishwe kwenye nakala zilizo wazi kwa umma. Pia nimeomba mzee wa Unguja atafutwe kupitia kwa mwanafunzi na msimamizi wake, aelezwe kwamba alama zake za kipengele kile zilihesabiwa vibaya. Hadi ninapokamilisha makala haya, ombi la kwanza limekubaliwa. La pili limejibiwa kwamba, kwa mujibu wa masharti ya maadili, majina ya wasailiwa yaliharibiwa tasnifu ilipopitishwa.